Kiti cha Nyuma

Nyuma ya nyumba yangu hapa Ifakara, chini ya mwembe, liko banda la mabati lililojengwa kwa ajili ya mpunga. Mpunga haujalala humo tangu mwaka 2012. Mwaka huo niliingiza humo gari dogo aina ya Datsun 1600 SSS, lililoundwa mwaka 1970, likiwa halina magurudumu mawili, halina kioo cha mbele, na injini yake imekwama kama jiwe. Lilivutwa na trekta kutoka kwenye kinu cha zamani cha mpunga, na watoto wa mtaa walilifuata kwa nyimbo kana kwamba tunaleta bibi harusi. Nililinunua kwa shilingi laki nane. Nilikuwa nimestaafu miaka miwili kabla yake, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na saba, na kiinua mgongo kilikuwa bado hakijaisha.

Watu waliniuliza mengi. Paroko alitaka kujua kama nimeanza biashara ya vyuma chakavu. Binti yangu alipiga simu kutoka Morogoro akasema, "Shikamoo Baba, tumesikia." Hakusema wamesikia nini. Mtu mmoja tu hakuniuliza neno, naye ni mke wangu. Alisimama mlangoni na ungo mkononi, akalitazama gari likiingia bandani, kisha akarudi jikoni. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya fedha, nikaendelea kudhani hivyo kwa muda wa miaka kumi.

Kwa msomaji kijana ni lazima nieleze kwa nini mtu wa umri wangu atamani gari la namna hiyo. Zamani, kila Pasaka, nchi zetu tatu zilikuwa na mashindano ya magari yaliyoitwa Safari. Yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakawa yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zile zile ambazo sisi tulizipita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mabasi. Hapakuwa na uwanja maalumu. Mashindano mengine hutafuta gari lenye mbio kuliko yote, lakini haya yalitafuta kwanza gari litakalofika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Sisi wa huku tulikuwa na mtu wetu, Bert Shankland, Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Tulimhesabu kuwa Mtanzania, na aliyebisha alipewa majina. Kisha mwaka 1970 zikatokea Datsun. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, na nyuma yao akaja Joginder Singh wa Kenya kwa gari la aina ile ile. Kabla ya hapo wengi wetu tulizicheka gari za Kijapani kwa wembamba wa mabati yake. Baada ya Pasaka ile tuliacha kucheka.

Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam. Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, Morogoro, nikaomba ruhusa ya kwenda kumjulia hali mjomba wangu aliyekuwa akipakua mizigo bandarini. Mjomba alikuwa mzima kabisa. Nilisimama barabarani tangu mchana nikayaona magari yakiondoka moja moja, na kati yake Datsun moja ya umbo hili lenye pembepembe, imeinuliwa juu kama jogoo anayetaka kupigana, imefungwa taa za ziada mbele na bamba la chuma chini ya tumbo. Mwaka ule hazikushinda Datsun. Alishinda Hannu Mikkola wa Finland na mwenzake Gunnar Palm kwa Ford Escort, na ilikuwa mara ya kwanza kwa dereva kutoka ng'ambo kushinda. Miaka miwili baadaye mashindano yakabaki Kenya peke yake. Mimi nilibaki na ile Datsun kichwani.

Mwaka 1975 nilipangwa kufundisha shule moja ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Ulanga. Siku moja nilikuwa ubaoni nikisikia mlio unakaribia, mlio mkavu usio wa lori wala wa Land Rover, nikatoka nje chaki ikiwa mkononi. Darasa zima lilinifuata. Lilikuwa Datsun 1600 SSS, jeupe, na aliyeteremka alikuwa mwenye kinu cha mpunga cha Ifakara, aliyekuja kutafuta mpunga wa kununua. Tangu hapo, kila msimu wa mavuno alipopita, alisimama shuleni kunisalimu, nami nilimwomba anifungulie boneti. Nilizitazama zile kabureta mbili kama wengine wanavyotazama mapacha.

Gari hilo lilitubeba mara moja. Ilikuwa usiku, Julai ya mwaka 1978. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na uchungu ulimshika majuma kadhaa kabla ya wakati. Bahati mwenye kinu alikuwa amelala kijijini kwetu. Mke wangu aliwekwa kiti cha nyuma pamoja na mkunga, mimi nikakaa mbele, tukaondoka. Sijapata kuona mwendo kama ule. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, lakini yule bwana aliijua kama kiganja chake, na zile taa zilimulika mbali hadi tukaona macho ya wanyama kabla hawajatusikia. Tulifika ukingoni kwa muda ambao sijaupata tena maishani, hata kwa magari ya leo. Pantoni lilikuwa limelala ng'ambo, upande wa Ifakara, kama ilivyokuwa kawaida yake usiku. Tulipiga honi, tukawasha na kuzima taa. Wavuvi wa Kindamba waliokuwa wamelala ukingoni walikuwa tayari kutuvusha kwa mtumbwi, ijapokuwa viboko walikuwa wakisikika karibu, lakini mkunga alikataa katakata mgonjwa asishushwe. Mtoto alizaliwa humo garini kabla ya alfajiri. Alikuwa wa kike. Hakuiona asubuhi. Pantoni la kwanza lilimvusha mke wangu hospitali, akatibiwa akapona, nami nilirudi kijijini na mwenye kinu kwenda kuzika.

Kabla hatujaondoka ukingoni, yule bwana alichota maji mtoni kwa debe akakiosha kiti cha nyuma kwa mikono yake. Hakumwita mtu.

Habari za usiku ule nimezisimulia mara nyingi, na nakiri kwamba mara nyingi nimezisimulia kama habari za mwendo wa gari.

Mungu alitupa watoto wengine wanne. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, spea hazikupatikana, petroli ikawa ya kugawiwa, na Jumapili mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani. Mwenye kinu aliliegesha gari lake nyuma ya ghala, akaondoka nchini, na hakurudi. Nilipohamishiwa Ifakara mwaka 1986 nililikuta limezama hadi vioo katika majani. Kila nilipopita nililitazama. Kinu kilipouzwa nikauliza bei.

Basi lilikaa bandani miaka sita bila kuguswa. Kuku wa mke wangu waliliona kabla yangu kuwa ni mali. Walipanda kwa dirisha lisilo na kioo wakataga kwenye kiti cha nyuma, ambacho springi zake zilikuwa zimetokeza na kufanya viota vizuri. Mke wangu alimtuma mjukuu kuokota mayai. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingiza mkono mle, nami nikasema moyoni kwamba mama huyu ana kinyongo.

Tarehe 5 Mei 2018 lilizinduliwa daraja la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, linaloitwa Daraja la Magufuli. Mtu asiyeishi huku hawezi kujua lilikuwa na maana gani kwetu. Miaka miwili kabla yake, Januari 2016, kivuko kilipinduka katika dhoruba. Nilikwenda kulitazama daraja kwa miguu, nikatembea hadi katikati, nikarudi. Jioni nilikwenda bandani nikafukuza kuku.

Fundi wangu alisoma kwangu, akamaliza darasa la saba mwaka 1994 bila kuchaguliwa kwenda sekondari. Nakumbuka nilimchapa kwa ajili ya jedwali la nane, na sitaki kujitetea. Alikuja, akasema "Shikamoo Mwalimu," akalala chali chini ya gari bila kutandika hata gunia. Akakaa huko muda mrefu.

"Sakafu imeliwa yote," alisema alipotoka. "Lakini mifupa ipo."

Gari la namna hii halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu ikiliwa na kutu gari zima huwa kama kikapu kilichotoboka kitako. Tulikata sakafu vipande vipande, tukachomelea bati jipya, na kazi hiyo peke yake ilichukua mwaka mzima, kwa sababu umeme ulikatika, kwa sababu mpunga ulitaka kupandwa, na kwa sababu fedha yangu ilikuja kwa msimu kama mvua. Fundi alikunja mabati kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Mimi nilishika kurunzi. Kuna fedheha ndogo katika kushika kurunzi mtu unayemfahamu tangu akiwa na kamasi akikuambia "Si hapo, Mwalimu, juu kidogo," lakini huzoeleka.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya injini. Injini ya asili huitwa L16. Ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,595, na kamshafti yake iko juu ya kichwa cha injini, ikizungushwa na mnyororo. Plagi ya silinda ya tatu ilikuwa imeng'olewa na mtu miaka mingi nyuma, mvua ikaingia, pistoni ikashikana na ukuta. Tulimwaga dizeli humo tukangoja majuma matatu. Ilipotoka, ilitoka vipande vipande kwa nyundo, na ukuta wa silinda ulikuwa umechimbwa na kutu kuliko kiasi ambacho ungeweza kukerezwa na kubaki salama.

Fundi alisema tufunge injini ya Toyota ya mtumba. Alikuwa na hoja. Spea zake ziko kila duka, kila fundi hadi Mlimba anaijua, na gari litawaka kila asubuhi. Nilimwambia, na nilitumia sauti ile ya gwaride, kwamba gari litarudi kama lilivyotoka kiwandani au litarudi kwa kuku. Akanyamaza. Siku tatu hakuja.

Alipokuja alikuwa na swali. "Mwalimu, lile uliloliona Dar es Salaam mwaka 1972, lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani?"

Nilitaka kujibu ndiyo. Kisha nikakumbuka lile bamba chini ya tumbo, na taa, na jinsi lilivyoinuliwa. La hasha, halikuwa kama lilivyotoka kiwandani. Hakuna hata moja lililoondoka siku ile kama lilivyotoka kiwandani, maana lingevunjika kabla ya kufika Tanga. Waliyaimarisha yanayobeba uzito, wakayakinga yanayogonga chini, wakaongeza taa, wakang'oa yasiyohitajika. Kile nilichokipenda kwa miaka arobaini na sita kilikuwa gari lililogeuzwa kwa ajili ya barabara zetu. Nilifundisha watoto wengi kwamba swali zuri ni nusu ya jibu, na hapo nilipewa langu na mtoto niliyemrudisha nyumbani na cheti cha kumaliza tu.

Tukapatana. Toyota hapana, lakini na ile L16 tuiage. Fundi alikwenda Morogoro akarudi na injini iitwayo L18, aliyoitoa katika Datsun pikapu iliyokufa. Ni ndugu wa tumbo moja na ile ya kwanza. Bloku ina kimo kile kile, hukaa katika vishikio vile vile, ila ujazo wake ni 1,770. Juu yake tukafunga zile kabureta mbili za SSS, kwa kuwa pikapu ilikuwa na moja tu. Kwa hiyo moyo ni wa pikapu na pumzi ni ya gari la mashindano. Springi tulifunga nene zaidi, tukaliinua sentimita nne, na chini ya injini tukaweka bamba lililokatwa kutoka tela la trekta. Jambo moja hatukuligusa, nalo ni mpango wa magurudumu ya nyuma. Katika gari hili kila gurudumu la nyuma hujitegemea. Katika magari mengi ya wakati ule yalifungwa pamoja kwa ekseli moja, shimo la kushoto likimtikisa na aliyekaa kulia. Waliofanya mpango huu walijua kazi yao.

Mchango wangu wa kweli ulikuwa mmoja. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, ama sivyo silinda mbili zinalima na mbili zinapanda juu ya jembe. Wenye karakana kubwa wana vipimo vyake. Sisi tulikuwa na kipande cha mpira wa maji. Unaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mlio wa hewa, unahamia ya pili, unakaza au kulegeza skrubu hadi milio ifanane. Fundi alijaribu asubuhi nzima. Mimi nimefundisha kwaya za shule kwa miaka thelathini. Nilichukua mpira, nikasikiliza, nikasema hii ya nyuma iko chini kidogo, robo ya skrubu. Injini ikatulia kama mtoto aliyepata ziwa. Fundi alinitazama kwa namna ambayo, nadhani, mimi sikupata kumtazama yeye hata siku moja. Lakini mpangilio wa kuwaka kwa silinda alinifundisha yeye: moja, tatu, nne, mbili. Aliutamka bila kufikiri. Nikakumbuka jedwali la nane, nikaenda kutafuta kitambaa cha kupangusa mikono.

Hayo yalikuwa mwaka 2022. Kilichobaki kilikuwa ndani.

Nilikuwa nimeagiza ngozi bandia nyeusi kutoka Dar es Salaam, na katika jambo hili nilikusudia kutolegea. Viti vingekuwa kama vilivyokuwa. Fundi, ambaye sasa alikuwa amekwisha soma habari za Safari kuliko mimi, alitaka kung'oa kiti cha nyuma kabisa, aweke humo magurudumu mawili ya akiba na dumu la petroli, kama walivyofanya washindani. Tulibishana bandani, sauti zikapanda. Nilisema gari lisilo na kiti cha nyuma ni gari la mtu mchoyo. Nilisema kiti hicho kina historia.

Mke wangu alikuwa ameleta chai. Aliweka birika juu ya bloku ya L16, ambayo ndiyo meza yetu, akasema, "Fundi, hicho kiti kitoe."

Hakuniambia mimi. Alimwambia fundi. Kisha akaondoka.

Fundi ni mtu mwenye adabu. Alikunywa chai yake haraka akasema ana mgonjwa Kibaoni. Nilibaki peke yangu na kile kiti. Nilikitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu gari lije. Nilikuwa nimekitazama mara nyingi kwa jicho la mtu anayepima mita za kitambaa.

Usiku, baada ya chakula, nilimwambia, "Mama, sikujua."

Alikuwa akichambua mchele. Alinyamaza hadi akamaliza ungo mzima, akasema, "Wewe ulikaa mbele, Mwalimu."

Nilitaka kueleza. Nilitaka kusema kwamba mbele ndipo mwanamume angekaa, kwamba nyuma alikuwapo mkunga, kwamba niligeuka mara nyingi. Sina hakika kwamba niligeuka mara nyingi. Ninachokikumbuka, na nilikisimulia miaka yote, ni taa, na mikono ya yule bwana kwenye usukani, na saa yangu ya mkononi niliyoitazama tulipofika ukingoni. Ndiyo, niliitazama saa. Yeye alikumbuka honi zikipigwa na hakuna anayejibu, na harufu ya kile kiti, na mkunga akimwambia asitazame. Alikumbuka kwamba aliuliza mtoto anafanana na nani na hakuna aliyemjibu. Nami nilikuwa nje, natembea ukingoni na kurudi. Alivushwa kulipokucha, na alipotoka hospitali kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Nilimwonyesha mahali. Halafu tukahamishwa.

"Ulipolileta hapa," alisema, "nilidhani umelileta kwa ajili yake. Nikangoja uniambie."

Miaka kumi alingoja. Nami nilikuwa nikimwona ni mwanamke anayehesabu fedha.

Kiti tulikitoa kesho yake. Sikumwachia fundi, niliondoa boliti mwenyewe. Tulikiweka pembeni ya banda, na kabla ya jioni kuku walikuwa wamekwisha kukifuata huko. Nilimwuliza kama anataka tukichome. Alisema kuku hawana kosa.

Mvua za mwaka 2024 zilituletea mafuriko, na gari lilikaa juu ya matofali mwezi mzima, maji yakipita chini ya lile bamba la chuma. Halikudhurika. Mimi niliugua miguu. Julai mwaka huo tuliliwasha, tukalipeleka hadi Kibaoni na kurudi. Kisha Jumamosi moja mke wangu akasema anataka kuvuka mto.

Alikaa mbele. Nyuma yetu palikuwa na magurudumu mawili ya akiba yaliyofungwa kwa mikanda, na dumu la maji. Fundi alitufuata kwa pikipiki, ati ana safari zake upande ule, ingawa mfuko wake ulijaa spana. Kuvuka daraja kwa mwendo wa kawaida huchukua nusu dakika hivi. Mke wangu alihesabu kitu kwa midomo, sikumwuliza ni nini.

Upande wa pili aliniambia nisimame, tukateremka kwa miguu hadi mahali pa zamani pa pantoni. Aliuliza gari lilisimama wapi hasa usiku ule. Ualimu ni ugonjwa, nilinyosha kidole mara moja nikasema hapa. Kisha nikatazama tena. Mto umekula ukingo, matete yameota pasipokuwa na matete, na ile njia haionekani. Nikamwambia kwamba kusema kweli sijui. Akasema naye hajui, kwa sababu ilikuwa giza na alikuwa amelala.

Tuliendelea. Kabla ya kufika kijijini mshale wa joto ulipanda, jambo ambalo fundi alikuwa amelitabiri, maana rejeta ni ile ile ya L16 na injini ni kubwa zaidi. Nilisimama, nikachukua dumu, nikafungua buti kutafuta kitambaa. Humo ndani, chini ya turubai, palikuwa na jembe jipya lenye mpini mfupi na kanga moja iliyokunjwa. Mimi sikuviweka. Nilifunga buti nikafungulia rejeta kwa shati langu.

Kaburi tulilipata kwa sababu ya mkwaju, ambao haujakatwa. Mawe niliyoyapanga mwaka 1978 yalikuwapo manne kati ya saba. Watu wa pale walikuja kutusalimu, wengine wana wa wanafunzi wangu, wakataka kulima wao. Mke wangu aliwashukuru akalima mwenyewe, polepole, akiwa amevua viatu. Fundi alikaa mbali juu ya pikipiki yake. Watoto wa shule walilizunguka gari wakisoma kwa sauti herufi zilizo nyuma yake, S, S, S, na mmoja akauliza kama ni gari la serikali.

Tulirudi jua likiwa limepoa. Fundi alisema juma lijalo tuitoe rejeta, amtafute mtu wa kuongeza safu moja ya mirija, na kwamba kabureta ya nyuma inavuja kidogo kwenye pini. Nilikuwa nayasikia yote hayo na kuyaandika katika daftari langu, tuliposimama hapa uani na mke wangu akawa anashuka.

"Mwambie na mlango wangu," alisema. "Haufungi mpaka uubamize."

Nikaandika: mlango wa Mama.